Vijiwe vya Mwalimu Pia

Siku ubao ulipoanza kupanda dari, Mwalimu wa Darasa la Kwanza alikuwa ndiyo kwanza anaandika irabu. Aliandika a, ikakaa. Akaandika e, ikasogea juu kidogo. Alipofika kwenye o, ubao mzima ulikuwa unazunguka kama sahani iliyomponyoka mwosha vyombo, na ile u akaimalizia ukutani, nje ya ubao, karibu na swichi ya taa. Akaishika meza. Ilikuwa meza mbovu ya miguu mitatu na tofali, kwa hiyo ni kama meza nayo ilimshika yeye.

Dunia ilipotulia akageuka kuwatazama wanafunzi wake. Walikuwa wameinamia madaftari, ndimi nje, wanaandika kwa bidii. Akapita akichungulia. Madaftari yote, la mbele hadi la nyuma, yalikuwa na herufi zinazopanda mlima, na wale wenye bidii zaidi walikuwa wameimalizia u juu ya dawati.

Darasa la kwanza ndivyo lilivyo. Mwalimu wa wakubwa akikosea, wanamcheka. Mwalimu wa wadogo akikosea, wanakosea naye, tena kwa mwandiko mzuri. Kohoa katikati ya neno, nao watakusomea neno pamoja na kikohozi chake. Basi wiki ile mwalimu alipoanza kutembea kwa kupapasa ukuta, kama fundi anayejaribu kama rangi imekauka, darasa zima likatembea hivyo hivyo. Kengele ya mapumziko ikilia, unaona mstari wa vitoto unatoka, kila mmoja kiganja ukutani, nyuso nzito kama za mahakimu. Walimu wengine wakasema, ama kweli yule mwenzetu ana nidhamu.

Wakubwa wa darasa la saba ndio waliompa jina. Wakamwita Mwalimu Pia, kwa kuwa, kama pia ya kuchezea, huzunguka, huyumba, kisha husimama akiegemea kitu. Wengine wakasema hapana, ni kwa sababu akianguka yeye, na darasa pia.

Mwenyewe alilipenda jina lile. Kizunguzungu kina ubaya wake, kinatapisha na kinatisha, lakini kina uchekeshaji ndani yake, mtu unajikuta uko juu ya bembea bila kulipa. Alicheka sana. Ila alicheka kimya kimya, maana hakutaka ijulikane kuwa anaumwa, na aliyemfanya afiche alikuwa Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Ubaya wake ulikuwa huruma. Zamani mwalimu wa darasa la tatu alilalamika mgongo, naye akamhurumia, akampeleka stoo apumzike kwa muda kidogo. Yule bwana anapumzika mpaka leo. Kazi yake ni kuhesabu chaki na mafagio, na wanaopita karibu na mlango wanasema siku hizi anayasalimia mafagio kwa majina. Mwalimu Pia hakuogopa nyoka wala radi, bali ukimtajia stoo aliota vipele. Yeye na darasa la kwanza walikuwa chanda na pete. Aliwapokea hawajui kitabu kinashikwa upande gani, akawatoa wanasoma mabango ya maduka kwa sauti mpaka wazazi wanaona aibu barabarani. Kumtoa pale ni kumtoa samaki majini halafu umwambie apumzike.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Huyu alifichuliwa na wifi yake.

Wifi alikuwa dada wa mumewe, wanaishi nyumba moja, na chumba cha mbele alikifanya saluni ya nywele. Alimsindikiza Mwalimu Pia hospitali kwa mapenzi, na pia kwa sababu habari ukiitoa kisimani mwenyewe haina matope. Lakini walipofika, daktari akavuta pazia, wifi akabaki upande wa pili, kwenye benchi, jirani na kitoto kilichokuwa kinasubiri sindano na kuitangazia dunia kwamba hakitaki.

Daktari alikuwa kijana, kalamu kaichomeka nyuma ya sikio. Akamlaza Mwalimu Pia kichwa upande wa kushoto, akamtazama macho, akatikisa kichwa kama mtu aliyeipata sarafu yake.

"Ndani kabisa ya sikio, mama, kuna vijiwe," akasema. "Vidogo kama chembe za mchanga. Kila mtu anavyo. Vikikaa mahali pake unasimama wima. Vyako vimehama."

"Vimehamia wapi?"

"Vimeingia njia isiyo yao. Ndiyo maana ukigeuza kichwa unayumba."

"Sasa nikavitafute?"

"Vitarudi vyenyewe tukivionyesha njia. Keti. Geuza uso kushoto. Sasa lala haraka, mto uwe chini ya mabega."

Akalala, na dunia ikaondoka. Dari ikapita, dirisha likapita, daktari akapita mara nyingi, kila mara amevaa koti lile lile. Daktari akahesabu hadi thelathini. Akamgeuza kichwa kulia, akahesabu thelathini nyingine. Akamwambia ajiviringishe ubavu wa kulia, pua itazame sakafu, thelathini tena. Kisha akamketisha. Dunia ikasimama tuli, kila kitu mahali pake, kana kwamba haijafanya lolote. Mwalimu Pia akaanza kucheka, akacheka mpaka kalamu ya daktari ikaanguka.

"Vinaweza kuhama tena," daktari akamwambia. "Ufanye hivi kila siku asubuhi. Mume wako akusaidie kukushika kichwa."

Nje ya pazia, kwa sababu ya kitoto na sindano yake, wifi alipata vipande tu. Alisikia vijiwe vyako vimehama. Akasikia unayumba. Akasikia kila siku asubuhi, na mume wako akusaidie, na kicheko cha mtu aliyezidiwa. Neno sikio hakulisikia hata kidogo. Na kijiwe kila mtu anakijua, ni pale wanapokaa watu wasio na haraka, wanapiga soga, na chupa inapita mkono kwa mkono. Wifi akaunganisha vipande vyake kama anavyounganisha nywele za bandia, na kazi ikatoka nadhifu kuliko ukweli.

"Wifi yangu," alimwambia njiani, "mimi sikuhukumu."

"Kwa lipi?"

"Kwa lolote. Mtu ni mtu."

Mwalimu Pia akadhani anasemea kile kicheko, akamwambia asante.

Kesho yake wifi akamwambia mteja mmoja tu, aliyekuwa amesukwa nusu kichwa, na mtu aliyesukwa nusu kichwa hana pa kukimbilia. Akamwapisha asimwambie mtu. Mteja akaapa. Ila mteja yule alikuwa jirani wa Mwalimu Mkuu, ukuta kwa ukuta, na kiapo hakikusema chochote kuhusu ukuta.

Wakati huo nyumbani vijiwe vinarudishwa kila asubuhi. Mume wa Mwalimu Pia alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, futi ya kupimia shingoni toka asubuhi mpaka usiku. Alimshika mkewe kichwa kama anashika kola ya shati la bwana harusi, akahesabu polepole.

"Ishirini na nane, ishirini na tisa. Nikuongezee kidogo ya pindo?"

"Wewe hesabu, acha kunipima."

"Thelathini. Geuka, mke wangu, tushone upande wa pili."

Akaenda shule amenyooka kama rula, na siku nyingi zikapita vizuri. Mpaka asubuhi moja, katika somo la hesabu, kijiti kimoja cha kuhesabia kilidondoka, akainama kukiokota, akainuka, na vijiwe vikaondoka vyote kwa pamoja kama watoto waliosikia kengele. Kwenye kona ya kusomea hadithi palikuwa na mkeka. Akaufikia kwa magoti, akageuza uso kushoto, akalala, akakunja kanga yake kuwa mto wa mabega.

"Watoto," akasema, macho yamefumbwa, "mwalimu anafanya zoezi. Hesabuni hadi thelathini."

Wakahesabu kwa sauti moja, safi, hadi ishirini. Wakanyamaza.

"Endeleeni."

"Zimeisha, Mwalimu," akasema Kibogoyo. Huyu alikuwa msichana wa dawati la mbele, aliyepoteza meno manne ya mbele lakini hakupoteza neno hata moja.

"Hazijaisha. Kuna ishirini na moja."

"Iko wapi?"

"Inakuja baada ya ishirini."

"Tangu lini?"

Hakuna mwalimu aliyewahi kufundisha namba kwa haraka ile. Huku dari inampita kama gurudumu, akawapa ishirini na moja, akawapa ishirini na mbili, wakazipokea moja moja kama peremende, mpaka thelathini. Kisha akageuka kulia, nao wakazirudia zote. Akajiviringisha, wakazirudia tena. Alipoketi, dunia imetulia, na darasa la kwanza linajua namba kumi ambazo silabasi ilikuwa imezificha mpaka mwakani.

Wakataka kujua lilikuwa zoezi la nini. Mtu aliyetoka kulala chini hana nguvu ya kudanganya, akawaambia kweli: masikioni mna vijiwe, vyake vina tabia ya kutoroka, akifanya vile vinarudi nyumbani. Kila mtoto akashika masikio yake kwa mikono miwili asipoteze vyake.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Majina yakishaitwa tu, darasa zima linageuza vichwa kushoto, linalala juu ya madawati na kuhesabu. Thelathini, kulia. Thelathini, ubavuni. Thelathini, juu. Wakajua kushoto na kulia kuliko askari. Siri haikutoka nje, kwa sababu siri ya darasa la kwanza husemwa na wote kwa wakati mmoja, na hakuna mzazi anayeambulia kitu.

Sasa ndipo Mwalimu Mkuu akamwita ofisini. Akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.

"Mwalimu," akasema, akilitazama kabati, "nimesikia habari za vijiwe."

Mwalimu Pia moyo ukamshuka mpaka kwenye viatu. Basi imejulikana kuwa ni mgonjwa. Akaanza kuona mafagio.

"Nani kakwambia, Mkuu?"

"Mji una masikio."

"Hata mimi ninayo, ndiyo yaliyoniponza."

Mwalimu Mkuu akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ni vingapi?"

"Idadi siijui. Ni vidogo vidogo."

"Vidogo," Mkuu akarudia, kama anayejipa moyo. "Na ulivianza lini?"

"Sikuvianza mimi, Mkuu. Kila mtu anavyo. Hata wewe unavyo."

Mwalimu Mkuu akakohoa, akaangalia mlango kama umefungwa sawasawa. "Hiyo ilikuwa zamani," akasema kwa sauti ya chini. "Kabla sijaoa."

Mwalimu Pia hakuelewa, lakini akampa pole.

"Na sasa hali ikoje?"

"Vilikuwa vimehama. Ninavirudisha kila siku asubuhi kabla ya kuja shule."

Mkuu, ambaye sikio lake moja lilichoshwa na kengele ya shule miaka mingi, akasikia ninavirudia. "Kila asubuhi? Na mumeo anajua?"

"Ndiye anayenishika kichwa. Vikinizidia hapa shuleni, wananisaidia watoto."

"Watoto gani?"

"Wa darasa la kwanza. Wanapenda kweli. Tunalala wote pamoja."

Mwalimu Mkuu akakaa, lakini si kwenye kiti, akakaa juu ya rundo la mafaili, na hakuhama. "Ijumaa anakuja Mkaguzi," akasema kwa shida. "Ataliona darasa lako kwa macho yake. Atakaloamua ndilo."

"Karibu sana. Nitawaandaa watoto."

"Usiwaandae," Mkuu akasema haraka. "Tafadhali."

Mwalimu Pia akatoka anaruka moyoni. Amejulikana kuwa mgonjwa na hakupelekwa stoo, tena kwa upole namna ile. Raha ile ikadumu mpaka saa ya mapumziko, Mwalimu wa Michezo alipoingia darasani kwake, filimbi shingoni, akaanza kupima chumba kwa miguu.

"Meza nitaisogeza huku," akasema. "Mipira nitaipanga pale kwenye mkeka."

"Darasani kwangu?"

"Kwani hujaambiwa? Jumatatu ninalichukua mimi. Wewe unakwenda stoo, labda Mkaguzi aseme vingine." Kisha akapunguza sauti, na kwa mtu wa filimbi hiyo ni heshima kubwa. "Pole, dada. Usione aibu. Mjomba wangu naye alikuwa mtu wa vijiwe, akaacha. Siku hizi maziwa tu."

Mwalimu Pia akasimama akiyapanga yale mazungumzo ya ofisini upya kichwani, neno baada ya neno, na kila neno likageuka likamwonyesha mgongo. Alipofika kwenye tunalala wote pamoja, akaketi kwenye dawati la Kibogoyo, akacheka mpaka machozi. Kisha akakumbuka stoo, machozi yakabaki, kicheko kikaondoka. Akarudi ofisini mbio, kiganja ukutani.

"Mkuu, mimi sinywi. Mimi ni mgonjwa. Vijiwe viko huku." Akalishika sikio na kulivuta.

Akaeleza yote. Uso wa Mwalimu Mkuu ukafunguka kama dirisha. "Mgonjwa. Mbona hukusema mapema? Mimi simwachi mgonjwa asimame siku nzima. Utakwenda stoo upumzike."

"Na kama ningekuwa mlevi?"

"Ungekwenda stoo ujirekebishe."

"Tofauti yake nini?"

Mkuu akafikiri kwa haki kabisa. "Mgonjwa nitampa kiti."

"Na Mkaguzi akisema nibaki?"

"Mkaguzi akisema ubaki, mimi ni nani? Lakini ni mkali yule mama. Akimkuta mwalimu ameshika ukuta, wewe mwenyewe unajua."

Jioni alipofika nyumbani akamkuta wifi anasuka, mumewe anashona pembeni.

"Wifi, siku ile hospitali ulisikia nini?"

"Nilichosikia nimekizika."

"Ulikizika kichwani kwa nani?"

Mteja aliyekuwa chini ya kitana akainamisha shingo. Mwalimu Pia akaeleza habari ya sikio toka mwanzo. Kitana kikabaki hewani.

"Yaani hunywi?" wifi akauliza.

"Sinywi."

"Hata kidogo?"

"Wifi."

"Kumbe nimekuombea bure siku zote hizi." Akaketi. "Na nilikuwa ninafunga."

Cherehani ikasimama, maana fundi mabega yalikuwa yanamtikisika. "Dada," akasema, "wewe ukipewa kipande cha mkono unashona suruali."

"Nyamaza, kaka, ninafikiri. Nililiharibu mimi, nitalitengeneza mimi."

"Usilitengeneze," wakasema mume na mke kwa pamoja.

Ijumaa ikafika. Fundi alimrudishia mkewe vijiwe kwa makini, akamkagua mbele na nyuma, akamwambia amekaa vizuri. Mwalimu Pia akasimama katikati ya darasa bila kugusa kitu, akijiapiza kuwa leo ukuta ni moto na meza ni moto.

Mkaguzi akaingia. Mama mkubwa wa umbo, miwani imefungwa kamba shingoni isije ikaanguka ikamlazimu kuinama, shingo ameikaza kama aliyejitwika maji ya kujaa. Alipita kando kando mpaka mbele, vidole vyake vinaambaa ukutani. Mwalimu Pia alikuwa na yake ya kuangalia, hakuviona vile vidole. Kibogoyo aliviona.

Mambo yakaanza vizuri. Watoto wakasoma irabu, zote zimelala chini kwenye mstari kama ndege waliotulia. Mkaguzi akasema mkono wa kushoto juu, ikapanda mikono ya kushoto, hata wa yule anayekosea kila kitu. Mkaguzi akaandika kitu. Mlangoni Mwalimu Mkuu akajifuta jasho, na nyuma yake filimbi ikachungulia.

"Sasa mnihesabie," Mkaguzi akasema. "Silabasi inasema hadi ishirini."

Wakahesabu. Wakafika ishirini hawakusimama, na nyusi za Mkaguzi zikapanda kwa furaha. Ishirini na moja, ishirini na mbili. Hapo ndipo Mwalimu Pia alipoona wanakokwenda. Thelathini kwao haikuwa namba tena. Ilikuwa amri.

"Inatosha, watoto," akasema.

Kuwazuia darasa la kwanza katikati ya hesabu ni kumzuia mbuzi kwenye mteremko. Wakasema thelathini, kwa nguvu zote. Vichwa vyote vikageuka kushoto, na darasa zima likaanguka juu ya madawati kwa kishindo kimoja.

Kutoka kwenye madawati, sauti tulivu: moja, mbili, tatu.

"Wamepatwa na nini?" Mkaguzi akauliza.

"Hawajambo, mama. Wanarudisha vijiwe."

Mkaguzi akaona hilo si la kuandika kabla ya kuhakikisha. Akainama kumtazama mtoto wa mbele kama anapumua. Akainuka. Halafu Mwalimu Pia akaona kitu anachokijua kuliko jina lake. Macho ya yule mama yakaanza kukimbilia upande mmoja, mkono ukapapasa hewa, miwani ikacheza kwenye kamba.

"Mwalimu," akasema Kibogoyo, amelala na kichwa kimegeuka, "na huyu ni pia."

Mwalimu Pia akasahau kwamba ukuta ni moto, akasahau stoo, akamdaka Mkaguzi kiunoni na kumshusha mkekani.

"Mama, ukilala upande gani ndiyo dunia inaondoka?"

"Wa kulia," Mkaguzi akasema, kamshika mkono kwa nguvu. "Ni presha tu. Nimezoea."

"Watoto, leo tunaanza na kulia."

Darasa likainuka, likafika mkekani lote, limezunguka kama jioni ya hadithi. Mtoto mmoja akaleta mkoba wake uwe mto. Mwalimu Pia akakishika kichwa cha Mkaguzi wa shule kama mumewe anavyoshika kola, akakigeuza kulia, akakilaza.

"Nashuka," Mkaguzi akasema, macho kayafumba. "Nashuka jamani. Mwaka mzima huu nimekagua shule zote nikishika kuta. Watu wanadhani nakagua rangi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme wanikalishe ofisini kwenye mafaili?"

Mwalimu Pia akauma mdomo, kwa kuwa kicheko kikimtoka mkono utatikisika. Watoto wakahesabu kwa fahari ya watu wanaohesabia mgeni. Kwenye ishirini na tano Mkaguzi mwenyewe akaanza kucheka, kile kicheko cha bembea, tumbo lote linacheka, na Mwalimu Pia akashindwa, akacheka naye, kichwa cha mwenzake mikononi.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameingia. Mbele yake, Mkaguzi yuko chini chali, anacheka amefumba macho. Mwalimu wake naye anacheka. Darasa la kwanza limewazunguka. Yale ya tunalala wote pamoja yakamrudia yote.

"Mama Mkaguzi," akaanza.

"Usinisemeshe, Mwalimu Mkuu. Sijafika thelathini."

Akasimama pale akisubiri, kulia, kushoto, ubavuni, filimbi nyuma yake imekaa kimya kuliko ilivyowahi kukaa. Mkaguzi akaketi. Akageuza shingo polepole huku, akaigeuza kule, akaitazama dari, akaitazama sakafu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Imesimama," akasema.

"Uende kwa daktari akuangalie vizuri," Mwalimu Pia akamwambia. "Mimi ni wa herufi tu, na kuanzia Jumatatu ni wa stoo, nimeahidiwa kiti."

Mkaguzi akavaa miwani yake, akaurudia ukali wake palepale mkekani. "Nani kasema huyu aende stoo?"

"Nilitaka apumzike," Mwalimu Mkuu akasema.

"Stoo kuna nini?"

"Chaki na mafagio."

"Yanajua kuhesabu hadi thelathini?"

"Mafagio? Hapana."

"Basi hayajafikia kiwango cha mwalimu huyu. Atabaki hapa. Huo ubao ushusheni, asiandike huku anatazama juu. Kile kiti ulichokuwa umpe huko, kileteni huku. Na huyo mwenye filimbi arudi uwanjani, anawatisha watoto."

"Na yule wa mgongo," Mwalimu Pia akachomekea, kwa kuwa mlango ukiwa wazi usipite peke yako.

"Kuna wa mgongo? Naye apewe kiti, arudi darasani."

Jumatatu yule bwana akatoka stoo akipepesa macho kwa jua. Aliingia darasa lake la tatu akiwa na fagio moja mkononi. Walimwambia aliache. Akasema huyu ni msaidizi.

Wifi naye alikuwa amelitengeneza lile neno, kama alivyoahidi. Alimwambia kila mteja kwamba wifi yake hanywi, ila ana vijiwe sikioni, daktari kaviona mwenyewe, vidogo na vya ajabu. Kufika jioni mtaa mzima ulishajua kuwa Mwalimu Pia ana mawe ya thamani kichwani, na mzee mmoja akaja kwa fundi kuuliza, kwa adabu zote, kama familia ina mpango wa kuuza.

Vijiwe havikukoma kabisa. Huja na kuondoka, vina akili zao. Lakini sasa vikiondoka, mwalimu huketi, husema tu "Watoto, vimetoroka," na watoto hujua la kufanya.

Taabu ilibaki moja, nayo ni ya Mwalimu Mkuu. Kila Jumatatu, shule ikipanga mistari uwanjani, yeye hupita mbele akihesabu wanafunzi kwa sauti. Huhesabu vizuri, huanza na wadogo. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Siku hizi akifika hapo husita, huangalia huku na huku kama mtu anayevuka barabara, kisha hulitamka lile neno haraka haraka liishe. Haisaidii. Akisema thelathini tu, darasa la kwanza lote linageuza vichwa kushoto, na nyuma yao, kwenye kiti chake, mwalimu wao naye kageuza.